Usitume hizo pesa! Chumba cha Lamu hulipiwa baada ya kukiona

Hujatuma bado, sivyo? Basi usitume. Umesema mnakuja Lamu kwa Maulidi na mke na watoto wawili, umeuliza basi au ndege, kulala kijiji cha Shela au mjini, kisha ukataja kama jambo dogo kwamba kuna kijana amekupa picha za nyumba "karibu na Riyadha", msikiti wenye Maulidi, na anataka malipo ya wiki nzima kwa M-Pesa leo, kabla hajampa mtu mwengine. Hilo ndilo jambo lenyewe, kaka. Mengine yote yanangoja.

Maneno hayo niliambiwa mimi na kijana kama huyo, neno kwa neno, na nikatuma. Picha zilikuwa za nyumba ya mawe, zidaka ukutani, na juu dari la makuti unaloona bahari. Tulipovuka kwa boti kutoka Mokowe, bara, tukamkuta kijana gatini, boti zinapofunga, anatusubiri, anacheka, akambebea mtoto begi. Tukakata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukaingia vichochoroni, na hapo ndipo aliposema: "Wageni wa kwanza hawajatoka, mtalala hapa usiku mmoja tu." Hapo palikuwa ni chumba cha chini, dirisha limeelekea ukuta wa jirani, hewa haiingii, na bomba halitoi tone mpaka mtu awashe pampu ipeleke maji kwenye tangi la juu. Watoto hawakulala kwa joto na mbu. Kesho yake, "wageni bado". Keshokutwa, simu haipokelewi. Mwenye nyumba ya kwenye picha nilimtafuta mwenyewe nikampata, mzee wa watu, na hakuwa na habari nasi kabisa. Picha zile zilipigwa na mgeni aliyewahi kulala kwake.

Na ningefanya nini? Pesa ikishatoka, huna neno. Kuomba muamala urudishwe hakusaidii ikiwa mpokeaji ameshatoa fedha. Kutafuta pengine wiki ile ya Maulidi, mji umejaa wageni wa pwani nzima, Tanzania na Ngazija, na wenye vyumba wanajua umekwama. Nililipa mara mbili kwa safari moja, na mara ya pili ghali zaidi.

Mtu anayemla mzazi pesa ya malazi ya watoto, tena katika mwezi wa kuzaliwa Mtume, sijui usingizi anaupata wapi. Lakini aliyeniuma zaidi ni yule aliyemsifia kijana huyo mbele za watu, "huyu mwaminifu, nimemtumia miaka." Baadaye nikajua naye hupewa fungu kwa kila mgeni anayemleta.

Kwa hivyo shika hili: usilipie chumba ambacho mguu wako haujakanyaga. Najua utasema, na watoto siwezi kufika usiku bila pa kulala. Sawa. Tafuta gesti yenye meza ya mapokezi, ongea na mwenyewe au msimamizi wake, umwambie wataka usiku wa kwanza tu, na umlipe ukifika. Asubuhi mwache mke na watoto wapumzike, wewe toka, saa tatu au saa nne hivi, wageni wanapoondoka na vyumba viko wazi. Zunguka mtaa wa Langoni kwa bei ya chini, kisha panda mtaa wa Mkomani ulinganishe. Nenda peke yako! Ukifuatana na mtu kutoka gatini, hata awe mpole vipi, fungu lake litaingia kwenye bei yako, na utalilipa kila usiku. Bisha hodi, sema sikuletwa na mtu, nataka siku kadhaa, bei ya mwisho ngapi.

Ukiingia chumbani fungua bomba kabla ya kuangalia kitanda. Uliza umeme ukipotea maji yanatoka wapi. Omba chumba cha juu, kwa sababu upepo unashika ghorofa za juu na watoto watalala. Tazama chandarua kama kina matundu. Ukiridhika, lipa usiku mmoja, kesho yake ndiyo uzungumze wiki. Na kama kuna jiko la kutumia, hiyo ni akiba kubwa kwa watu wanne, soko liko hapo kando ya ngome na samaki utawapata asubuhi.

Shela ni pazuri kwa ufuo, lakini bei iko juu na ni kilomita kama tatu kutoka mjini. Mambo ya Maulidi yako Riyadha, Langoni. Utajikuta unawatembeza watoto gizani au unalipa boti kila usiku. Kaa mjini.

Hizo picha ulizotumiwa ziweke hapa sasa hivi, na namba ya huyo kijana nitumie faraghani. Nikiitambua nyumba nitakwambia ni ya nani, na kama ni namba ile niliyo nayo mimi pia nitakwambia. Akikupigia tena kabla sijajibu, mwambie utalipa ukishaingia ndani, usikilize atakavyogeuka.