Bima ya matibabu ya mbwa: je, mkataba wa ada ndogo ndio wenye gharama ndogo?

SWALI: Ndugu mshauri, nina mbwa jike wa aina ya Labrador mwenye umri wa miaka mitatu, na nimepewa mapendekezo matatu ya bima ya matibabu yake. Nikiyaweka kwa uwiano, pale ambapo mkataba wa kwanza unadai ada ya 100 kwa mwaka, wa pili unadai 150 na wa tatu 240. Wa kwanza hulipia kila ugonjwa kwa miezi 12 tu tangu dalili zionekane, na kikomo chake ni 1,000 kwa ugonjwa. Wa pili hauna ukomo wa muda, lakini ugonjwa mmoja haulipiwi zaidi ya 2,000 katika maisha yote ya mbwa. Wa tatu una kikomo cha 3,000 kwa mwaka kwa magonjwa yote pamoja, na kikomo hicho huanza upya kila ninapouhuisha. Katika miwili ya mwanzo ninabeba 40 za kwanza za kila ugonjwa, mara moja tu, kisha kampuni inalipa asilimia 80 ya kinachobaki. Katika wa tatu ninabeba 60 za kwanza za kila mwaka, kisha kampuni inalipa asilimia 90. Mwaka jana mbwa huyu alichechemea mguu wa nyuma wa kushoto, akapewa dawa za maumivu na akapona. Je, kuna sababu ya kulipa zaidi ya mara mbili ya bei, au afadhali fedha hizo niziweke akiba?

JIBU: Ndugu msomaji, umerahisisha kazi kwa kuziweka bei hizo kwa uwiano, lakini ada peke yake bado haikuonyeshi gharama ya bima. Gharama hiyo ni ada pamoja na kila kinachobaki kwako baada ya kampuni kulipa, na kiasi hicho hakiwezi kujulikana mpaka bili moja ipitishwe katika mikataba yote mitatu. Nimezipitisha bili tatu zenye tabia tofauti, na utaona kwamba kila moja inampa ushindi mkataba mwingine.

Tuanze na ajali ya kawaida kwa Labrador, mbwa ambaye ulafi wake unajulikana: amemeza soksi, utumbo umeziba, na upasuaji umegharimu 600. Mkataba wa kwanza na wa pili hukata 40 unazobeba wewe, kisha hulipa asilimia 80 ya 560, yaani 448, nawe unabaki na 152. Mkataba wa tatu hulipa 486 na kukuachia 114. Ukijumlisha ada ya mwaka huo, umetumia 252 katika wa kwanza, 302 katika wa pili na 354 katika wa tatu. Kwa tukio la namna hii, linaloanza na kwisha, mkataba wa bei ndogo ndio ulio bora, na anayekuuzia atakupa mfano huu huu.

Sasa tuchukue mzio wa ngozi, ugonjwa usiotisha lakini usioondoka, unaohitaji dawa na vipimo vya 400 kila mwaka kwa miaka sita. Bila bima yoyote ungelipa 2,400. Mkataba wa kwanza unalipa 288 katika miezi 12 ya mwanzo, kisha unaufunga mlango kwa ugonjwa huo. Wewe unalipa bili 2,112 na ada 600, jumla 2,712. Umetumia fedha nyingi kuliko mtu asiye na bima kabisa, ingawa ni kweli kwamba katika miaka hiyo ulikuwa na kinga dhidi ya magonjwa mengine. Mkataba wa pili, kwa kuwa 40 zako hukatwa mara moja tu, unalipa jumla ya 1,888, na gharama yako yote pamoja na ada inakuwa 1,412. Wa tatu unalipa 1,836, na kwa sababu ada yake ni kubwa, gharama yako inafika 2,004. Hapa anayeongoza ni wa pili, ingawa mwishoni mwa mwaka wa sita kikomo chake kwa ugonjwa huo kimebakiwa na 112 tu.

Bili ya tatu ndiyo inayowafanya watu wauze vitu vyao: saratani inayohitaji upasuaji na dawa za mishipani, gharama 2,800 ndani ya mwaka mmoja. Mkataba wa kwanza unagonga kikomo cha 1,000 na kukuachia 1,800. Ukiongeza ada, 1,900. Wa pili unagonga kikomo cha 2,000, na gharama yako pamoja na ada ni 950. Wa tatu unalipa 2,466, nawe, pamoja na ada, umetumia 574.

Kwa maoni yangu mkataba wa kwanza uuache. Si kwa sababu ni mbaya kwa kila mbwa, bali kwa sababu Labrador ni mbari yenye maradhi mengi ya muda mrefu: kasoro za maungio ya nyonga na viwiko, kano za goti, mizio ya ngozi, na unene unaoyachochea yote hayo. Kampuni zinayajua haya kuliko wenye mbwa wenyewe, na ndiyo maana mbari ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa katika fomu. Nchini Uswidi, ambako bima ya mbwa ilianza kuuzwa mwaka 1924 na ambako mbwa walio wengi wamekatiwa bima, kumbukumbu za madai zimekuwa hazina kwa watafiti wanaolinganisha magonjwa ya mbari mbalimbali. Mwenye Dachshund angeambiwa atazame fidia ya upasuaji wa uti wa mgongo, na mwenye mbwa mwenye uso bapa, kama Bulldog, atazame iwapo upasuaji wa njia ya hewa umeondolewa kwenye kinga. Wewe tazama maungio, ngozi na muda.

Kati ya mkataba wa pili na wa tatu, uamuzi unategemea unachokiogopa. Ikiwa una akiba ya kuweza kubeba pigo la 800 hivi bila kukopa, wa pili ni mkataba wa busara. Ikiwa huna, ninaelemea upande wa wa tatu, kwa kuwa kikomo kinachoanza upya ndicho pekee kinachomlinda mbwa aliyepata ugonjwa mkubwa na bado akahitaji matibabu mwaka unaofuata. Hata hivyo hesabu zote hapo juu zina dhana moja ambayo si ya kweli, nayo ni kwamba ada haipandi. Itapanda. Mkataba unaoitwa wa maisha yote unakuahidi kwamba utaendelea kulipiwa ugonjwa uleule mradi uuhuishe kila mwaka bila kukatiza. Haukuahidi bei ya mwaka wa kwanza. Njia nzuri ya kuchungulia mbele ni kuiomba kampuni ikupe leo bei ya Labrador mwenye umri wa miaka minane, na wa miaka kumi, kwa masharti yaleyale. Ukiona ada ya mkataba wa tatu kwa mbwa wa miaka kumi huiwezi, basi huiwezi bima hiyo sasa, maana utaiacha katika miaka ambayo mbwa anaihitaji zaidi. Uliza vilevile kama asilimia ya fidia hushuka mbwa anapozeeka: kampuni nyingi huanza kumtaka mwenye mbwa achangie sehemu ya kila bili, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 zaidi, mnyama anapofikisha umri uliotajwa katika hati.

Sasa lile la mguu, ambalo naliona kuwa zito kuliko tofauti ya ada. Bima ya mbwa hailipii maradhi yaliyokuwepo kabla ya mkataba kuanza, na jambo wasilolitarajia wengi ni kwamba kipimo kinachotumika si siku daktari alipoutaja ugonjwa kwa jina bali siku dalili ya kwanza ilipoonekana. Kuchechemea kwa mwaka jana ni dalili. Mbwa wako akikatika kano ya goti la kushoto mwaka ujao, mpitia madai atafungua kumbukumbu za matibabu, ataona neno hilo, na dai litasimama hapo. Tatizo haliishii kwenye mguu wa kushoto. Mikataba mingi ina kifungu cha viungo vya pande mbili, kinachosema kwamba tatizo la goti, nyonga au kiwiko cha upande mmoja likitangulia bima, upande wa pili nao huhesabiwa kuwa na tatizo hilo. Kifungu hicho kinaonekana cha kikatili lakini kina msingi wa kitabibu: kati ya mbwa waliokatika kano ya goti moja, takriban asilimia 40 hadi 60 huja kukatika na ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mwombe daktari wako wa mifugo nakala ya kumbukumbu zote za matibabu, usome alichoandika juu ya mguu ule. Kama palikuwa na jeraha dogo la unyayo au mwiba, na limeandikwa hivyo, hali yako ni nyepesi kuliko kama pameandikwa “anachechemea, chanzo hakijulikani”. Kisha ipelekee kampuni kumbukumbu hizo kwa hiari yako na uiombe itamke kwa maandishi ni sehemu zipi za mwili itakazoziondoa kwenye kinga, na kama itakubali kulipitia upya zuio hilo mbwa akikaa miezi 12 au 24 bila dalili. Usijaribu kuuficha mguu huo. Bima ni mkataba unaosimama juu ya ukweli kamili wa pande zote mbili, na taarifa iliyofichwa inaweza kubatilisha mkataba wote, pamoja na madai yasiyohusiana na mguu. Kampuni ikiyaondoa magoti yote mawili na nyonga, thamani ya bima kwa Labrador inapungua sana, na hapo ningekushauri urudi mezani kudai ada ndogo zaidi au utafute kampuni nyingine.

Hilo la kutafuta kampuni nyingine lifanye sasa, si baadaye. Kila ugonjwa utakaotokea ukiwa na bima ya kampuni moja huwa ni ugonjwa wa zamani mbele ya kampuni utakayohamia, hivyo uhuru wa kuhama hupungua kila mwaka. Aidha kila mkataba mpya huanza na kipindi cha kusubiri: kwa magonjwa kwa kawaida ni siku 14 hadi 30, kwa ajali ni siku chache au hakuna kabisa, na kwa maradhi ya maungio baadhi ya kampuni hudai hadi miezi sita. Nchini Marekani, mfano wa sheria uliopitishwa mwaka 2022 na NAIC, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo, unazuia kusubiri kwa zaidi ya siku 30 kwa magonjwa, na unaipa kampuni yenyewe mzigo wa kuthibitisha kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla. Lakini mfano huo una nguvu katika majimbo yaliyoupokea tu. Usidhani kwamba kinga kama hiyo ipo mahali ulipo mpaka uisome katika hati yako.

Kuhusu yasiyofidiwa sitakaa sana. Chanjo, dawa za minyoo na viroboto, kufunga kizazi, ujauzito na chakula huwa nje ya bima ya kawaida. Meno mara nyingi hulipiwa yakiwa yamevunjika kwa ajali, si yakiwa yameoza. Kuna nyongeza ya huduma za kinga inayouzwa kando. Jumlisha bei za chanjo na dawa unazonunua kwa mwaka, na kama nyongeza hiyo haizidiwi na jumla hiyo, iache. Lakini chanjo zenyewe usiziache, kwa sababu mbwa asiye na chanjo za wakati akiugua magonjwa ya kuambukiza kama parvo au leptospira, dai lake hukataliwa. Angalia pia kama ada ya kumwona daktari imo ndani ya fidia au ni vipimo na dawa pekee, na kama madhara ambayo mbwa anaweza kuwasababishia watu wengine yamo. Fidia ya kung’ata mtu au kusababisha ajali barabarani inaweza kuzidi bili yoyote ya matibabu.

Mpangilio wa makato nao uuulize. Katika mfano wa soksi nilitoa 40 kwanza, kisha nikapiga asilimia 80, ukalipwa 448. Kampuni inayopiga asilimia kwanza na kutoa 40 baadaye ingekulipa 440. Tofauti ni ndogo kwa sababu kiasi unachobeba ni kidogo. Mwenye kubeba 300 za kwanza angepoteza 60 kwa mpangilio huo peke yake.

Sasa akiba. Ukiweka 240 kila mwaka na mbwa akafika miaka mitano bila ugonjwa mkubwa, utakuwa na 480, ambazo hazitoshi hata upasuaji wa soksi. Akiba inafaa pale ambapo tayari kuna fungu kubwa lililokaa kando, au ambapo mbwa amekwisha kuzeeka na maradhi yake mengi yameondolewa kwenye kinga kiasi kwamba bima inamlinda na machache. Kwako naiona kuwa mwenza wa bima, kwa sababu mara nyingi kampuni hurudisha fedha baada ya wewe kumlipa daktari, na fidia inaweza kuchukua wiki kadhaa. Uliza kama kampuni inaweza kulipa hospitali ya wanyama moja kwa moja, uliza hospitali unayoitumia kama inaukubali utaratibu huo, na uliza dai lazima liwasilishwe ndani ya siku ngapi tangu matibabu. Kama malipo ya moja kwa moja hayapo, weka kando angalau 600 kabla ya kuanza mkataba wowote kati ya hiyo miwili.