Mtambo wa joto la jua: badilisha mchoro ufuate duka la chuma la mtaani kwako

Proforma ya kwanza niliyoletewa, yaani karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji wa nje, ilikuwa na kurasa 3, na karibu kila mstari ulikuwa kitu cha kuja kwa meli. Kazi yenyewe ilikuwa jiko la shule moja ya bweni huku Dodoma, wanapika uji na maharage ya wanafunzi kwa kuni kila siku ya Mungu, mkuu wa shule akaniuliza kama vioo vinaweza kupasha maji mpaka yakaribie kuchemka ili kuni zipungue. Nikamwambia inawezekana, nikaomba bei nje, ikaja hiyo proforma, nikajumlisha meli, ushuru, kliaringi na lori la kutoka bandarini mpaka huku, nikaona kabisa hapa hakuna shule itakayolipa. Kilichoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wa ule mzigo ilikuwa chuma cha kawaida, fremu na miguu, vitu ambavyo fundi wa mageti anachomelea kila siku. Na fremu ikishachomelewa inakula nafasi kwenye kontena kuliko uzito wake, yaani unalipia kusafirisha hewa.

Toka hapo nimejenga mfumo huo mara 2, mara ya kwanza ukafeli, wa pili unafanya kazi. Naandika kwa sababu napata meseji za vijana wanaotaka kufanya kikubwa zaidi, mtambo wa umeme kabisa, na kiukweli njia ni ileile: vioo vinakusanya jua kwenye bomba, bomba linapata moto, moto unatoa mvuke, mvuke unazungusha tabaini, ile mashine ya mapanga inayozungusha jenereta. Umeme ni hatua ya mwisho tu, pesa nyingi inazama huku chini kwenye uwanja wa vioo.

Kosa langu la kwanza ni kudhani kununua vitu vya ndani maana yake ni kuchukua mchoro wa nje na kuunakili kwa vifaa vya hapa. Nikachukua mchoro wa mfereji wa parabola, yaani kioo kirefu kilichopindwa kama mfereji na bomba likapita katikati yake, kama ile ya Noor kule Ouarzazate, Morocco, mtambo uliofunguliwa 2016 ukiwa na megawati 160 na vioo kama nusu milioni. Vile vioo vimepindwa kwa moto kiwandani na kila kimoja kinatakiwa kifuate mkunjo wake sawasawa. Mimi nikakunja shiti ya stenlesi juu ya mbavu za plaiwudi. Ukaja upepo wa mwezi wa saba, nyie wa Dodoma mnaujua, mfereji mzima ukawa unacheza, mwanga unatawanyika, maji yakaishia kuwa vuguvugu. Pesa ya shule ikawa imelala pale uwanjani na mimi nalala nayo kichwani.

Hapo ndo nikaanza kusoma India walifanyaje. Kule Dhursar, Rajasthan, kuna mtambo wa megawati 125 uliokamilika 2014 ambao hauna mifereji kabisa, unatumia safu za vioo bapa vyembamba vilivyolala karibu na ardhi, kila safu inageuka kivyake na zote zinapiga kwenye bomba moja lililosimama juu. Wanauita Fresnel. Ufanisi wake uko chini kidogo ya parabola, hilo nalisema wazi, lakini kioo bapa unakikuta mjini! Chuma chake ni chepesi kwa sababu upepo haukamati kitu kilicholala chini, na bomba halizunguki kwa hiyo huhitaji zile jointi za kuzunguka zenye mafuta ya moto ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndo huu, kabla hujachora chochote zunguka kwanza. Nenda maduka ya chuma uone skwea paipu za saizi gani zipo mwaka mzima, sio zile zinazoletwa kwa oda. Nenda kwa wakata vioo. Nenda kwa mafundi wa pikipiki. Alafu ndo uchore.

Mfumo wa pili nikaujenga hivyo. Vioo vya kujitazamia vya milimita 4, nikavikatisha upana wa sentimita 20, kila safu imekaa juu ya skwea paipu, miisho inazunguka kwenye beringi za bodaboda, ambazo zikiharibika zinapatikana hata saa mbili usiku. Kitu kilichonifurahisha sana ni kwamba japo kila safu ina mlalo wake, zote zinageuka kwa kiasi kilekile, jua likisogea digrii 15 kwa saa kioo kinageuka nusu yake, kwa hiyo unaziunganisha zote kwa flati baa moja na mota moja ya waipa ya gari inatosha. Bomba la juu ni bomba jeusi la inchi 2, limekaa ndani ya boksi la bati lililojazwa glasi wuli, ile pamba ya kuzuia joto lisitoke, chini limefunikwa na kioo.

Ila usidhani kwa sababu ni fundi wa mtaani basi kazi iwe ya mtaani. Kioo kikikosea digrii 1, mwanga unakosea digrii 2, na bomba likiwa mita 3 juu hapo umekosa shabaha kwa sentimita 10 hivi, yaani umelikosa bomba lenyewe. Tulitengeneza kalibu moja ya chuma kizito, kila fremu inabanwa humo ndo inachomelewa, na fundi wangu mzee mmoja wa Gerezani, ule mtaa wa mafundi chuma Dar es Salaam, nilimlipa siku 4 za ziada akae kwenye kalibu tu. Ile pesa ndo iliyookoa kazi. Watu wanabana kwenye ufundi alafu wanamwaga pesa kwenye vifaa, fanya kinyume.

Kuna vitu nilivibania nikajuta. Vioo vya kujitazamia havikutengenezwa vikae mvuani, masika ya kwanza kingo zikaanza kuwa nyeusi maana maji yaliingia kwenye rangi ya nyuma. Sasa hivi kila ukingo unapigwa silikoni na mgongo unapakwa rangi ya pili kabla haujatoka karakana. Na usiunganishe bomba la kopa (shaba) na la GI, yaani chuma kilichopakwa zinki, moja kwa moja, GI inaliwa haraka sana. Sefti valvu, ile inayoachia mvuke presha ikizidi, na geji ya presha nunua mpya, za kuaminika, hata kama zinatoka nje. Mvuke unaua. Hapo hakuna mjadala.

Kwa wanaowaza mtambo mkubwa, orodha ya vya kuagiza ni fupi kuliko watu wanavyodhani: mabomba ya kupokelea joto yenye vakyumu (yamevikwa kioo na hewa imetolewa katikati), tabaini, na chumvi ya nitrati ya kuhifadhi moto mpaka usiku. Misingi, fremu, nyaya, barabara, majengo na kazi ya kuunganisha ni vya kwenu. Noor ya kwanza, ile ya 2016, iliwekewa lengo la asilimia 30 za thamani zitoke Morocco. Afrika Kusini kwenye minada yao ya kuchagua kampuni za kujenga mitambo ya umeme, iliyoanza 2011, bei ilibeba alama 70 na alama 30 zikaenda kwenye ajira, manunuzi ya ndani na mambo kama hayo, ndo ikaja mitambo kama KaXu ya megawati 100 kule Northern Cape. Hapa kwetu kiwanda cha vioo cha Mkuranga kilizinduliwa 2023, kwa hiyo kioo bapa sio ndoto tena. Ila angalia ukingo wa kioo, ukiwa kijani sana kina madini ya chuma mengi na kinakula mwanga.

Na pimeni jua lenyewe. Vioo vinataka jua la moja kwa moja, lile linalotupa kivuli kikali, mwanga wa mawingu unaosaidia paneli za sola hapa hausaidii kitu. India miradi mingi ya vioo ya awamu ya kwanza ya mpango wao wa umeme wa jua ilikwama, na sababu mojawapo ni kwamba makadirio ya setilaiti yalionyesha jua kali kuliko lililofika chini, vumbi limelipunguza angani. Weka kipimo saitini mwaka mzima, ndo uagize hata nondo moja.

Pale shuleni sasa asubuhi kijana wa bustani anafuta vioo kwa kitambaa na ndoo moja ya maji, ambayo baadae anamwagilia mchicha. Mwezi uliopita beringi moja iligoma, akanipigia simu kunitaarifu tu kwamba ameshanunua nyingine na ameshaifunga.