Maswali na Majibu: Nani Akae na Nani Katika Tangi la Maji ya Chumvi

Barua za safari hii ni nyingi, na zaidi ya nusu zina kasoro ileile: mwandishi anaeleza rangi ya samaki kwa mapenzi makubwa, lakini hataji ukubwa wa tangi, wala umri wake, wala waliomo tayari. Nimechagua zile ambazo angalau zinajibika.

Nina tangi la lita 900. Nataka samaki wa kila rangi, kamba, kaa na matumbawe. Nianze na nani?

Anza na uamuzi kabla ya samaki. Tangi la matumbawe na kamba ni jambo moja, na tangi la samaki wakubwa walao nyama ni jambo jingine kabisa. Anayetaka yote mawili mahali pamoja huwa anawanunulia wakubwa chakula cha bei ghali. Chewa na samaki-simba hummeza yeyote anayeenea kinywani, na hawafanyi hivyo kwa ukorofi, bali ndivyo walivyoumbwa kula. Samaki vipepeo wengi hudonoa matumbawe kwa sababu hicho ndicho chakula chao.

Pili, lita 900 si bahari. Samaki kangaja wa buluu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, naye hukua hadi kukaribia sentimita 30 na kutwa nzima huogelea kwenda na kurudi, kwa hiyo kwake urefu wa tangi una maana kuliko idadi ya lita. Pima nafasi kwa ukubwa atakaoufikia samaki, usiipime kwa ukubwa alio nao siku ya kumnunua.

Ukichagua matumbawe, ningekushauri jozi moja ya samaki klauni, jozi ya samaki kadinali, kamba msafishaji wawili, konokono wa kula mwani, na samaki gobi mmoja pamoja na kamba-bastola. Hawa wawili wa mwisho wanatosha kukufanya uvute kiti: kamba, ambaye macho yake ni hafifu, huchimba shimo na kutoa mchanga nje siku nzima huku papasi yake moja ikiwa imemgusa gobi anayelinda mlangoni, na gobi akitikisa mkia, wote wawili hutoweka ndani kwa mara moja. Kangaja, ikiwa ni lazima awepo, awe mmoja na aingie mwisho. Wapole hutangulia, wagomvi hufuata, na kati ya kundi na kundi ziwepo wiki kadhaa ili bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, waongezeke kulingana na mzigo mpya.

Je, samaki kikande anaweza kukaa na kamba na kaa?

Anaweza, mpaka atakapoona njaa. Meno yale yameumbwa kuvunjia magamba. Wapo vikande wachache walao planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini), kama wale wa jenasi ya Xanthichthys, ambao wafugaji wengi wamefanikiwa kuwaweka kwenye matumbawe, lakini hata kwa hao nisingeweka dhamana kwa kamba mdogo.

Tangi langu lina wiki 3. Nimeweka klauni wawili na anemoni, lakini klauni hawamkaribii, na anemoni anahamahama. Nifanye nini?

Swali hili hunijia kila mara, na kila mara tangi lina wiki 3. Anemoni, mnyama laini mfano wa ua anayejishikiza kwenye mawe, anahitaji tangi lililokomaa, ambalo chumvi, joto na naitreti (mabaki ya uchafu wa samaki) zake zimetulia kwa miezi kadhaa. Wengi wetu hungoja angalau miezi 6. Anahitaji pia mwanga mkali, kwa sababu sehemu kubwa ya lishe yake hutoka kwa mwani unaoishi ndani ya mwili wake. Anapohama anatafuta mwanga, mkondo wa maji au ufa wa kushikilia mguu wake, na katika safari hiyo huweza kunaswa na pampu. Anemoni aliyesagwa na pampu huchafua maji kiasi cha kuua tangi zima, kwa hiyo funika midomo ya pampu kwa sponji leo hii, na ukipata mfugaji mwenye tangi lililokomaa, mkabidhi mnyama huyo.

Kuhusu klauni, si kila aina hukubali kila anemoni. Klauni wa kawaida, Amphiprion ocellaris, porini hakai na anemoni mwenye ncha za mapovu, ingawa ndani ya matangi wengi humkubali baada ya muda. Klauni hawamhitaji ili waishi. Wewe ndiye unayemhitaji, kwa ajili ya picha.

Samaki wangu wana madoa meupe kama punje za chumvi. Niweke dawa ya shaba ndani ya tangi? Nina kamba na matumbawe.

Usiweke. Shaba huua kamba, konokono na matumbawe kwa viwango vidogo, na tena mawe na mchanga wa chokaa huinyonya kisha huiachia taratibu baadaye. Niliwahi kuamini chupa iliyoandikwa kwamba dawa yake haiwadhuru viumbe wasio na uti wa mgongo. Asubuhi kamba wote walikuwa wamelala ubavu.

Madoa hayo huenda ni kimelea Cryptocaryon irritans. Hamishia samaki wote, hata wanaoonekana wazima, kwenye tangi tupu la matibabu, na humo ndimo utumie shaba huku ukiipima kila siku. Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja. Siku 76 ndicho kipimo ambacho wafugaji wengi hukifuata, kwa sababu kimelea hukaa ndani ya ganda lake mchangani kikingoja samaki wa kumshambulia. Kamba na matumbawe wabaki humo, kwani hakiishi juu yao. Na kama kila mgeni angewekwa karantini, yaani kutengwa kwanza kwenye tangi lake, kabla ya kuingia, barua hii isingeandikwa.

Kiti cha pweza wa buluu ataishi?

Kwa kawaida, hapana. Hufa njaa polepole kwa miezi, nawe utadhani amekufa ghafla.

Samaki mandarini wangu hagusi chakula cha barafu, na amekonda.

Yeye huwinda kopepodi, vijidudu vya juu ya mawe, mmoja mmoja, tangu asubuhi hadi jioni. Tangi jipya halina vya kutosha, na lile lenye samaki wengine wawindaji wa vijidudu hivyohivyo huviisha kabla hajashiba. Mtazame kwa juu: tumbo likiwa limebonyea, nunua kopepodi hai uwamwage usiku taa zikiwa zimezimwa. Asiye na tangi kubwa, lenye mawe mengi na umri wa mwaka mmoja, amwache dukani.

Nimekuta kamba msafishaji wangu amekufa mchangani. Ni samaki gani amemuua?

Kabla ya kumhukumu mtu, mwinue huyo marehemu. Akiwa mwepesi, mwenye kupenyeza mwanga, na amepasuka pale kichwa kinapoungana na mgongo, hilo ni gamba tu alilojivua. Mwenyewe yuko nyuma ya jiwe, mwili wake ungali laini, na atajificha siku moja au mbili hadi gamba jipya ligangamae. Usiinue mawe kumtafuta, wala usikimbilie kumwaga iodini usiyoipima, ambayo wengine huiweka wakidhani humsaidia kamba kujivua gamba. Gamba liache hapo, kuna watakaolila.