Death Stranding: nunua kwa ajili ya mizigo, siyo hadithi

Kaka, umeuliza kama Death Stranding, mchezo wa video wa mbunifu Hideo Kojima (2019), utamfaa mtu asiye na subira na hadithi ndefu. Mimi ningeununua kwa ajili ya kutembea. Ndiyo, kutembea! Unajitwika mizigo mgongoni, unabana vitufe viwili vya pedi usije ukapepesuka, unavuka mto roho mkononi. Kisha ngazi iliyoachwa na mchezaji usiyemjua inakuokoa mlimani. Utamu wote uko hapo. Hadithi ina maelezo kupita kiasi, nilisinzia mara mbili, ingawa Mads Mikkelsen kaigiza vizuri. Video za hadithi unaweza kuziruka. Vumilia hadi sura ya 3, barabara zinapoanza kujengwa. Ukiona bado unakuchosha, diski iuze.