Altezza Yangu, Injini ya 1JZ na Giaboksi Mbili Zilizovunjika

Jumamosi iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji wa Mbagala, kijana ambaye kwa maelezo yake ameweka akiba miaka miwili ili aing'oe injini ya Altezza yake, gari dogo la Toyota, na kufunga 1JZ, injini nyingine ya Toyota yenye tabo, yaani feni inayoisukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu. "Kaka," aliandika, "giaboksi yangu ni ya gia sita, ya mkono, orijino kutoka Japani. Naamini haina haja ya kuguswa, au unasemaje?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimesimama katika gereji moja ya Kinondoni, nikajibiwa kwa uhakika mkubwa kwamba giaboksi ya mkono haivunjiki, inayovunjika ni otomatiki. Jibu hilo lilinigharimu fedha za kodi ya nyumba ya miezi sita, na aliyelitoa hajawahi kuniomba radhi hadi leo.

Najua unayesoma hapa hutafuti gari la kukufikisha kazini tu. Unataka kulikanyaga pale Barabara ya Bagamoyo inapofunguka baada ya Bunju, na kuisikia tabo ikivuta. Mimi pia ndicho nilichokitaka, na sioni aibu kukisema.

Habari za kufunga 1JZ kwenye Altezza yangu sitazirefusha. Ilifungwa, pleti ya kuiunganisha na giaboksi ikachongwa katika karakana ya mashine, na gari likatembea miezi minne bila tatizo lolote. Kisha, alfajiri moja nikirudi kutoka Bagamoyo, nikiwa gia ya tatu na injini ikiwa kwenye mizunguko kama 5,000 kwa dakika, nililipita lori la mchanga. Nilisikia mgoto mmoja mfupi, kama nyundo iliyopigwa chini ya kiti, na papo hapo injini ikapanda mizunguko peke yake huku gari likipoteza mwendo. Nilipoingiza gia ya nne, gari lilisogea likiunguruma kama mashine ya kukoboa mahindi, nikaliegesha Boko na kukaa pembeni mwa barabara hadi kulipopambazuka.

Fundi aliposhusha giaboksi na kumwaga oili kwenye dumu lililokatwa, ilitoka ya kijivu, nzito, yenye chembe zinazometameta juani. Alipitisha sumaku ndani yake, na sumaku ikatoka imeota manyoya ya chuma. Chini kabisa kulikuwa na meno matatu ya gia ya tatu, yamekatika kwenye mashina yao. Niliyaosha kwa petroli na kuyapanga juu ya kipande cha boksi, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu jambo ambalo hakuna aliyenieleza: upana wa jino moja haukufika upana wa kidole changu cha shahada.

Watu wengi hapa mjini hupima giaboksi kwa nguvu za farasi au kwa idadi ya gia, na vyote viwili hupotosha. Kinachovunja giaboksi ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, na hasa toki inayofika kwa ghafla. Injini ya 3S-GE ambayo Altezza ya toleo la RS200 ilitoka nayo kiwandani ina toki ya takriban Nm 216 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha toki). Giaboksi ile ya gia sita, iliyotengenezwa na Aisin, ilitumika pia kwenye Nissan Silvia ya S15 yenye tabo, ambayo ilifika Nm 275 hivi. Injini ya 1JZ-GTE yenye tabo moja inatoa Nm 378 kabla hujaigusa. Nilikuwa nimeibebesha giaboksi ile mzigo unaokaribia mara mbili ya ule iliotarajiwa kuubeba kwenye Altezza, kisha nikashangaa ilipochoka.

Gia sita ndani ya ganda dogo maana yake ni kwamba kila gia imepewa nafasi finyu, kwa hiyo meno yanakuwa membamba. Isitoshe, meno ya gia za barabarani yamekatwa kwa mshazari ili yasipige kelele, na mshazari huo huzisukuma gia kufuata urefu wa shafti kila unapokanyaga mafuta. Meno nayo husukumana: shafti mbili hutaka kutengana, ganda la alumini hujikunja kidogo, na mzigo uliopaswa kubebwa na jino zima huangukia ukingo wake. Msomaji mwingine huniuliza kwa nini ilivunjika gia ya tatu, si ya kwanza, wakati gia ya kwanza ndiyo inayozidisha toki zaidi. Sababu ni tairi. Ukiwa gia ya kwanza, tairi za nyuma huteleza na kuyapunguzia meno mzigo, lakini ukiwa gia ya tatu zinashika lami, tabo imejaa, na meno hayana pa kukimbilia.

Kosa langu la pili liliniuma zaidi, kwa kuwa hilo hakunishauri mtu. Nilikwenda mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri, nikanunua giaboksi nyingine ya aina ileile, nikafunga na pleti ya klachi ya seramiki isiyokuwa na springi, nikidhani klachi ngumu ndiyo dawa. Ilidumu wiki sita. Klachi ya kawaida huteleza kidogo mshtuko unapofika, na springi zake hunyonya sehemu ya mshtuko huo. Mimi niliondoa mto huo na kuupeleka mshtuko wote kwenye meno. Rafiki zangu walisema sijui kuendesha. Waliendelea kusema hivyo hadi nilipofunga R154, giaboksi ya gia tano ambayo Toyota iliiweka kwenye Supra ya tabo ya miaka ya 1980 na kwenye Mark II na Chaser za Tourer V, zenye injini hiihii ya 1JZ. Gia zake ni pungufu kwa moja, lakini meno ni mapana na shafti ni nene, na gia yake ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kupita kwenye meno ya shafti ya chini. Mwezi uliopita nilikwenda nayo Morogoro na kurudi, na sasa rafiki zangu haohao hunipigia simu kuniomba ushauri.

Simaanishi kwamba giaboksi ya mkono ni dhaifu kwa asili yake. Dodge Challenger ya Hellcat ilitoka na nguvu za farasi 707 na toki ya karibu Nm 880, na mteja aliweza kuchagua giaboksi ya mkono ya gia sita kutoka Tremec. Hiyo ni giaboksi kubwa na nzito, iliyokusudiwa mzigo huo tangu ilipochorwa. Tazama pia BMW M3 ya kizazi cha G80: yenye gia za mkono imepewa Nm 550, na ile ya Competition yenye Nm 650 inakuja na otomatiki pekee. Kiwanda chenye wahandisi wa namna hiyo kinapoweka mpaka, wewe na mimi tusidhani kwamba fundi wetu ataufuta kwa spana.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mbagala, tafuta giaboksi kwanza, injini baadaye. Usiachie klachi ghafla ukiwa na mizunguko mingi. Narudia, usiachie klachi ghafla, hata mbele ya watu wanaokushangilia. Oili ya gia iwe ya daraja ambalo kiwanda kimelitaja, kwa kuwa baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vinavyokula shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Na R154 ukiipata Gerezani, kabla hujatoa hata senti, mwombe muuzaji aifungue nati ya kumwagia oili, uingize kidole, ukitoe juani na kukitazama: kikitoka kinametameta, mrudishie giaboksi yake.