Maswali ya wasomaji: Je, ni buibui kweli?

SWALI: Wahariri, shikamooni. Juzi mume wangu aliamka na uvimbe mwekundu juu ya kifundo cha mguu, unauma na una joto. Hatukuona mdudu, ila stoo yetu imejaa utando wa buibui. Jirani anasema tuchanje kwa wembe tubandike jiwe la nyoka. Duka la dawa wamempa vidonge vinne vya rangi mbili. Tufanye nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Wembe na jiwe viwekeni kando kabisa. Sumu ikishaingia mwilini haitoki kwa kuchanjwa wala kunyonywa. Mnachopata ni kidonda cha pili, na hatari ya usaha na pepopunda. Mguu usifungwe kamba, wala usipakwe mafuta ya taa au dawa ya meno.

Utando wa stoo si ushahidi. Buibui wengi wa majumbani hawawezi kupenya ngozi ya mtu, na wanaoweza huuma pale wanapobanwa: ndani ya kiatu, kwenye nguo iliyotundikwa muda mrefu, chini ya ndoo. Uvimbe mmoja wenye joto, ulioonekana asubuhi bila mdudu, mara nyingi ni jipu au maambukizi ya ngozi. Kwa kuwa joto limedumu tangu juzi, mpelekeni kituo cha afya leo, hasa kama ana kisukari.

Kabla ya kutoka, osheni pale kwa maji na sabuni. Loweka kitambaa kwenye maji baridi, kiwekeni juu ya uvimbe dakika 10 hadi 15, mpumzike, mrudie. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Mguu uinuliwe juu ya mto. Kwa maumivu, mtu mzima mwenye ini zima anaweza kumeza paracetamol ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Kisha chukueni kalamu ya wino, zungusheni ukingo wa wekundu, andikeni saa pembeni. Alama hiyo itamfaa mganga kuliko maelezo yoyote: wekundu ukiivuka, au ukiona mstari mwekundu unapanda kuelekea kinena, au homa ikianza, maambukizi yanasambaa.

Vile vidonge vinne vinatusikitisha. Kama ni buibui, havina kazi. Kama ni maambukizi, dozi haitoshi. Mwonyesheni mganga pakiti yake, na mwulizeni pia lini mgonjwa alichanjwa pepopunda mara ya mwisho.

Buibui wa kuhofia hasa kwetu ni yule wa kahawia mwenye tumbo la duara na alama ya rangi ya chungwa chini yake, kama saa ya mchanga. Akiuma, pale huuma na kuwasha siku moja au mbili kisha hupoa. Lakini tumbo au mgongo ukikaza, jasho likamtoka mtu, akatapika, ni hospitali bila kungoja. Kama mdudu ameuawa, mtieni kwenye chupa mwende naye. Dawa ya sumu ya nyoka haimtibu aliyeumwa na buibui.

Na tunasisitiza hili kwa wanaolala chini: mtu akishtuka usiku kwa maumivu makali, na uvimbe ukapanda ndani ya saa chache, mfikirieni swila kabla ya buibui. Nyoka huyu huuma watu wakiwa usingizini. Mgonjwa asitembezwe, apelekwe hospitali hapo hapo.

Wafugaji na wachinjaji nao wana lao. Kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda cheusi kisichouma chenye uvimbe mkubwa pembeni, huenda ni kimeta. Mwambieni mganga mligusa nyama au ngozi ya mnyama gani.

SWALI: Nimeamka na mstari mwekundu wenye malengelenge shingoni, unachoma kama moto. Je, buibui amenipitia?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Buibui hachori mstari. Huyo ni Nairobi flai, mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa wakati wa mvua. Haumi, sumu imo ndani ya mwili wake, nawe umemponda ukiwa usingizini. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana mdudu haonekani tena. Osha shingo, mikono, na foronya kwa sabuni, na usipekeche macho. Sumu ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15 kisha uende kliniki. Ukimkuta anatembea juu yako, mpulize.

Ila kama malengelenge yamekaa upande mmoja tu kama ukanda, na maumivu yalitangulia siku kadhaa, huo ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri vikauke.