Anaimba vinyume vyote, kikombe kidogo hakijui

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka minne, yuko chekechea hapa Mbagala. Vinyume vya shuleni anaviimba vyote: kubwa–dogo, refu–fupi, nene–embamba. Lakini nikimtuma kikombe kidogo analeta chochote. Jirani ananishauri ninunue chati nyingine na nimpeleke tuisheni ya jioni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Tuisheni usimpeleke, na chati hiyo iweke kando kwanza.

Wazazi huniletea swali hili kila muhula. Mtu mzima anataja "kubwa", mtoto anadakia "dogo!", basi inaaminika kajua. Hajajua. Ameshika sauti zinavyofuatana, na anajibu bila kutazama kitu. Ukubwa huonekana vitu viwili vikikutana. Embe dodo ni kubwa kando ya ndimu. Lisogeze kando ya fenesi, limekuwa dogo. Mtoto wa umri huo anahitaji kuliona embe lile lile likibadilika mbele ya macho yake. Kwenye chati tembo ni mkubwa siku zote na panya ni mdogo siku zote, kwa hiyo anadhani "mdogo" ni jina jingine la panya.

Tena sisi hatusemi "refu" tupu. Tunasema mti mrefu, kamba ndefu, kijiti kirefu. Aliyekariri "refu–fupi" akisikia "ndefu" huenda asitambue kwamba ni neno analolijua. Na hiyo "embamba" yao: mtu mwembamba kinyume chake ni mnene, ila njia nyembamba kinyume chake ni pana. Wimbo unampa jibu moja tu.

Weka vikombe viwili mezani, mwombe kile kidogo. Akizoea, ondoa kikubwa, leta kingine kilicho kidogo zaidi, kisha mwombe kikubwa. Kile alichokiita kidogo sasa ndicho kikubwa, kwa hiyo atasita. Mwache asite, hapo ndipo anapofikiri; usimwahi jibu. Vitenzi navyo ni vyepesi kwake kwa sababu mikono inavifanya: funga–fungua, vaa–vua, kunja–kunjua. Mvua ikinyesha ghafla, kimbieni pamoja kuanua mlichoanika.

Kinachoniumiza ni biashara iliyozuka juu ya hofu za wazazi. Matangazo yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp yakiahidi vinyume hamsini kwa wiki mbili. Watoto wa miaka mitatu wanakalishwa chumbani Jumamosi nzima, mzazi anatumiwa video mtoto anaimba, analipa tena. Katika orodha zao nimekuta mbwa–paka na chai–kahawa. Hivyo si vinyume, ni vitu vinavyotajwa pamoja tu, na mtoto akishaingizwa huko kumtoa ni kazi.

Baya zaidi, mtoto anayechelewa wanamwita mvivu na kumwongezea vipindi. Mzazi yeyote anayesoma hapa: kama mwanao haitikii ukimwita akiwa amekupa mgongo, au kila mara anataka televisheni iongezwe sauti, mpeleke kituo cha afya apimwe masikio kabla ya kulipa ada ya mtu yeyote. Baada ya mafua, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio na kumpunguzia usikivu, na wa tuisheni hana kifaa cha kuyaona.